Mlango Niliochelewa Kuukata

Chapwa, Tunduma
Mchana, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Atupele,

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mnayekula naye sahani moja. Mama yako ameshanicheka. Amenikuta karakana, nimesukuma randa pembeni, nimeshika ile penseli yangu ya kuchorea mbao, akauliza naandika orodha ya vifaa vya mteja gani. Nikamwambia ni vya Atupele. Akasema, "Kama ni habari za blanketi na sabuni na usile chakula cha njiani, mimi nimeshamwambia yote." Nikamjibu kwamba ndiyo maana naandika. Yaliyobaki ni yale ambayo humu ndani hakuna aliyewahi kuyasema.

Wewe hivi sasa uko Mbozi Mission kwa shangazi yako. Umekwenda kuaga tangu jana asubuhi, na namjua dada yangu, atakufungia maharage na ndizi mpaka begi likatae zipu. Mama yako atakuja kukupokea stendi saa kumi na moja, na barua hii atakuwa nayo mkobani. Nimemwomba mkae kwanza pale kwa mama wa chai, uisome yote kabla hujafika nyumbani. Kuna kitu utakikuta hapa, na sitaki ukikute kabla hujasikia maneno yangu. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma kwenda kusomea kuchora majengo, na kuna jambo limekaa kati yangu na wewe tangu bibi yako alipofariki. Sitaki usafiri nalo.

Unanijua nikianza habari za milango. Watu hukumbuka ghafla wana safari, hata mchungaji huangalia saa. Leo huna pa kukimbilia, chai iko mezani.

Miaka yote hii niliyotengeneza milango katika mji huu nimegundua kwamba mteja haji kuagiza mlango. Anakuja kuagiza kinga ya kile anachokiogopa. Yule mbadilisha fedha wa kule mpakani alitaka mlango wenye kidirisha cha kiganja na makomeo matatu kwa ndani. Nikamuuliza wateja watamwonaje. Akasema hataki wamwone yeye, anataka waone mkono. Mwenye nyumba ya wageni wanakolala madereva wa malori alitaka kila chumba kifungwe kwa nje, maana anaogopa magodoro yake yatasafiri mpaka Lubumbashi. Huyo nilimkatalia. Nilimwambia mtu aliyelala ndani hafungiwi kwa nje hata kama godoro ni la dhahabu. Tukabishana siku mbili, mwishowe akakubali, na mpaka leo ananiita fundi mkaidi.

Na ile milango ya kanisa unaikumbuka. Wazee walitaka ifunguke kwa ndani kwa sababu inapendeza bibi harusi anapoingia. Mimi nikasema ifunguke kwa nje, kwa sababu watu wakitishika humo ndani wataisukuma, hawataivuta. Nilisimama mbele ya kikao nikaeleza kwa mikono, nikashinda, nikajisifu mwaka mzima. Nakukumbusha haya si kwa majivuno. Nataka uone kwamba baba yako alijua. Milango ya watu wengine niliijua vizuri sana.

Sasa nije kwenye wetu.

Mlango wa mbele niliutengeneza mwaka ambao mama yako alikuwa na mimba yako. Masika ile maji yalishuka na barabara yakaingia ndani na tope lake jekundu, yakafika kwenye miguu ya kitanda, na mama yako tumbo liko mbele akawa anachota kwa sufuria. Niliogopa mno. Nikaapa maji hayataingia tena katika nyumba yangu. Ndipo nikaweka kile kizingiti cha mninga, urefu wa shubiri nzima kutoka sakafuni, na juu yake nikasimamisha fremu pana zenye nakshi za mahindi na majani ya kahawa, kila upande inchi nne. Nilikuwa kijana na nilitaka watu wanijue. Na kweli walinijua. Wateja walitoka Vwawa, walitoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, wakasimama uani wakautazama, wakasema nitengenezee kama ule. Umesoma kwa mlango ule, mwanangu. Sare zako za shule zilipitia pale.

Ila zile nakshi zilikula nafasi. Pa kupita palibaki inchi ishirini na tano. Sisi tulikuwa wembamba, hatukuona shida. Wewe ulijifunza kutembea kwa kukishika kile kizingiti, na mpaka leo ukiingia ndani unainua mguu bila kuangalia. Wote tunainua.

Halafu miguu ya bibi yako ikakataa. Nilikwenda kumchukua kwake Ileje, wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hukuwahi kuiona vizuri nyumba yake ya kule, kwa hiyo nikueleze. Mlango wake ulikuwa wa mabanzi, umefungwa kwa kamba ya katani, haukuwa na kitasa wala kizingiti. Sakafu ya ndani na udongo wa nje vilikuwa sawa, kuku waliingia na kutoka kama wenye nyumba. Mama yangu alikaa pale mlangoni kila asubuhi, nusu juani nusu kivulini, akichambua maharage, na hakuna mtu aliyepita njia ile bila kuulizwa anatoka wapi, anakwenda wapi, na kama mtoto amepona. Mimi nilipokuwa fundi niliuonea aibu mlango ule. Nilimwambia mara nyingi nitakuja kukuwekea wa maana. Akasema, "Huu una shida gani? Mimi napita, na watu wanapita." Nikadhani ni maneno ya mtu asiyejua mbao.

Watu wa kanisa walimpatia kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza tulipomfikisha hapa, mimi na jirani tulikisukuma mpaka mlangoni, gurudumu la mbele likagonga kizingiti. Tukakiinua na yeye juu yake. Kikakwama kwenye fremu. Kiti kilikuwa na inchi ishirini na sita. Inchi moja, Atupele. Tukamtoa kwenye kiti, jirani akashika miguu, mimi nikashika makwapa, tukamwingiza mama yangu kama tunavyoingiza kabati. Kiti tukakikunja tukakipitisha nyuma yake. Yeye akacheka, akasema, "Ndaga, asanteni wanangu, leo nimebebwa kama bibi harusi." Nami nikacheka. Nikasema, "Mama, wiki ijayo nitaurekebisha."

Hiyo wiki ijayo ilichukua miaka mitatu.

Mwanzoni alitolewa Jumapili kwenda kanisani, kwa kubebwa vilevile. Siku moja, wakati tunamtoa, gauni lake lilipanda juu ya magoti, na vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama pale nje. Hawakucheka. Jumapili iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Iliyofuata tena alisema ataomba akiwa ndani, Mungu anasikia popote. Baada ya hapo akaanza kusema hapendi jua la Tunduma, ni kali, si kama la Ileje. Na mimi nikaamini. Nataka uelewe vizuri jinsi nilivyoamini. Sikudanganywa. Niliamini kwa sababu ilinifaa. Mtu aliyekaa juani maisha yake yote ananiambia hapendi jua, nami naitikia kwa kichwa na kwenda karakana kumkamilishia mteja mlango.

Kuna mama mmoja wa Nakonde alikuja kuangalia mlango ule ili aagize wake. Alisimama uani, akaangalia nakshi, akachungulia ndani akamwona bibi yako amekaa kwenye kiti katikati ya sebule, uso ameuelekeza nje. Wakasalimiana kwa mbali. Kisha yule mama akanigeukia, akanisalimia kwa Kibemba, akasema, "Mulishani, bafundi. Mlango ni mzuri, lakini huu ni wa kuangalia. Mimi nataka wa kupita." Nilimcheka. Nilipofika karakana nikawasimulia wenzangu jinsi watu wa ng'ambo wasivyojua nakshi. Hakurudi, akaenda kwa fundi mwingine.

Na kisha ukaja wewe.

Najua unakumbuka, kwa sababu tangu siku ile hujawahi kuniletea kipande cha ubao ulichokichora. Ulichukua tepu yangu bila kuomba, ukapima kiti cha bibi, ukapima mlango, ukachora yote kwenye kipande cha plaiwudi kwa kalamu nyekundu. Uliandika, "Sasa 25. Kiti 26. Tufanye 27." Na chini ulichora mtu ametoka nje kwenye kiti, na jua kubwa lenye miale. Ukaniletea karakana. Kulikuwa na wateja wawili. Ukasema kwa sauti yako ile ndogo, "Baba, kwa nini tusikate hizi nakshi za pembeni?"

Nikakuambia, "Mlango huo ndio unaokulisha. Nenda kasome." Ukabaki umesimama. Nikakunyang'anya ule ubao, nikafunika nao kopo la gundi mbele ya macho yako. Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nionekane mtu mwenye nyumba yake. Hukulia. Ulikwenda ukakaa na bibi yako, na jioni nilipoingia mlikuwa mnachambua maharage ndani, taa imewashwa, na nje jua lilikuwa bado lipo.

Nilikuwa naogopa nini? Nimejiuliza sana. Maji nilikuwa nayaogopa, hilo ni kweli, lakini maji yana dawa yake na niliijua. Niliogopa zaidi kwamba nikiukata ule mlango, watu watauliza kwa nini fundi amekata kazi yake mwenyewe, na itanibidi niseme nilikosea. Basi. Hakuna kingine. Mama yangu alikaa kivulini miaka mitatu kwa sababu mimi sikutaka kusema neno moja mbele ya wateja.

Alipofariki, jeneza nilitengeneza mwenyewe. Watu walinisifu kwa hilo, walisema huyu ndiye mtoto. Lakini wewe uliniona asubuhi ile. Kabla sijakata ubao wa kwanza nilichukua tepu, nikaenda mlangoni, nikapima. Nilitaka kuhakikisha jeneza litatoka bila kukwama, asije akaaibika mbele ya watu. Nilipogeuka ulikuwa umesimama kwenye korido na sare ya shule, unaiangalia ile tepu. Ukarudi chumbani. Na jeneza likatoka vizuri kabisa, halikugusa fremu popote.

Kwa jeneza nilipima. Kwa kiti sikupima. Hilo ndilo limekaa kati yetu miaka yote hii, nami nilijua, na nilijua kwamba unajua. Umekuwa mtoto mwenye adabu kwangu, umenipikia chai, umenisomea ujumbe wa simu ninapokosa miwani. Ila karakana hukuingia tena isipokuwa umetumwa. Ulipochaguliwa kusomea majengo, watu wa Chapwa walikuja kunipongeza, wakasema mtoto amefuata nyayo za baba. Nikawashukuru. Moyoni nilijua hukufuata nyayo zangu. Wewe unakwenda kumalizia kile kipande cha plaiwudi.

Nami sina uwezo wa kukufundisha watakayokufundisha huko. Watakuonyesha kuchora kwa kompyuta, watakupa vitabu vyenye vipimo vyote. Mimi nina hili tu. Utakapokuwa unachora nyumba ya mtu, nenda ukakae naye siku moja humo anamoishi sasa. Usimuulize anataka mlango wa namna gani, atakuambia anachokiogopa. Mwangalie anapita wapi, na nani hapiti. Ukimkuta mtu ndani ya nyumba anasema hapendi jua, mwanangu, usimwamini haraka. Angalia mlango kwanza.

Na utakosea. Siombi ukosee, nakuambia tu kwamba utakosea, maana kila anayejenga hukosea. Siku hiyo ikifika, usijipige sana, na usiseme wiki ijayo. Rekebisha wakati mtu mwenyewe bado yupo aone.

Juzi nilikuwa naondoa takataka karakana ili nipate mbao ya kukutengenezea sanduku. Nyuma ya rafu nikakuta lile kopo la gundi limekauka, na juu yake plaiwudi yako. Gundi imekula kona moja, lakini namba zinasomeka, na jua lako lipo. Nikakaa chini palepale. Nililia, sitakuficha, na mama yako alikuja akanikuta hivyo. Akausoma ule ubao, akaniangalia. Nikamwambia, "Nataka kuukata ule mlango." Akasema, "Umechelewa. Lakini kata."

Jana ulipoondoka tu na basi la Vwawa, nikaanza. Niling'oa fremu zote mbili na nakshi zake. Mahindi na majani ya kahawa yamelala uani, mama yako anasema atayafanya kuni na mimi sijamkataza. Kile kizingiti kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani, mninga ule hauna utani, msumeno ulipata moto mara tatu. Nimekitoa chote mpaka sakafuni. Nje, jana hiyohiyo, nilimwaga zege lenye mteremko mdogo, na mbele yake nimechimba mfereji wenye wavu wa chuma juu, maji yakija yanadondokea humo na kwenda zake barabarani. Kazi yote imeishia leo saa sita. Siku moja na nusu, Atupele. Nilimnyima mama yangu jua kwa kazi ya siku moja na nusu.

Nimefuata vipimo vyako, isipokuwa sehemu moja, na hapa niruhusu niwe fundi. Uliandika inchi ishirini na saba. Ulipima kiti, ila hukupima mikono ya bibi akisukuma magurudumu mwenyewe. Kwa ishirini na saba bibi angepita, lakini angechubuka vidole kila siku. Nimefanya thelathini na mbili. Hilo lilikuwa kosa la mtoto wa miaka kumi na mitatu, na ningelirekebisha siku ileile kama ningekusikiliza. Langu lilikuwa la mtu mzima.

Mlango wenyewe haukutosha tena, kwa hiyo nimeuongezea ubao mpya pembeni. Rangi hazifanani. Kiraka kinaonekana kutoka barabarani, na asubuhi hii mteja mmoja ameshaniuliza imekuwaje. Nimemwambia niliukosea zamani, binti yangu akaona. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi tu.

Nilipomaliza nilikwenda stoo nikakitoa kile kiti. Nilikipangusa vumbi, nikatia mafuta magurudumu, nikakisukuma kutoka sebuleni mpaka mlangoni kikiwa kitupu. Mama yako alisimama nyuma yangu. Kikapita. Kilipita bila kupunguza mwendo, na pembeni pakabaki nafasi ya mikono ya bibi yako. Nikakifikisha nje pale penye ukuta, ambapo njia yote inaonekana na watu wanaweza kuulizwa wanatoka wapi. Nimekiacha hapo juani.

Nisamehe, mwanangu. Yeye siwezi kumwomba tena, wewe naweza.

Sasa maliza chai yako mje. Nitakuwa nimesimama ndani nawasubiri. Ukifika mlangoni usiinue mguu, Atupele. Pita tu.

Baba yako